"Rudi Hapo Hapo, Katibu": Kuhusu Eee, Yaani na Naaa

(Hotuba hii ilitolewa mjini Moshi mbele ya wenyeviti, makatibu na wahasibu wa vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima wa kahawa. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao, wazee wangu, dada zangu na kaka zangu wanaushirika,

Shikamooni wote mnaostahili shikamoo yangu, na wengine habari za asubuhi. Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze kwa nusu saa kuhusu "mbinu za kuzungumza mbele ya hadhara". Naomba mniruhusu nilipunguze jambo hilo mpaka libaki dogo kabisa, kwa sababu mbinu za kuzungumza ni pori kubwa na nusu saa haitoshi hata kulizunguka. Nitazungumzia "eee", "yaani" na "naaa". Basi.

Mnacheka. Lakini ni nani humu ndani ambaye hajawahi kusimama mbele ya wanachama, karatasi mkononi, sauti ikatoka vizuri mpaka katikati ya sentensi, kisha ikaanza: "Kwa hiyo, eee, bodi ikaona kwamba, yaani, kama tulivyosema, naaa, hili suala la, nanihii..."? Ni nani? Sioni mkono hata mmoja, na wangu pia uko chini.

Kabla sijaendelea, niondoe jambo moja mezani. Sizungumzii kigugumizi. Kigugumizi ni hali ya mtu, hakitokani na uvivu wala woga, na mwenye nacho hahitaji kuhesabiwa maneno na mtu yeyote. Anahitaji kusubiriwa amalize. Mimi nazungumzia kukwama kwa sisi ambao ndimi zetu hufanya kazi vizuri sana sokoni, lakini tukishika maiki zinaanza kukokota mguu.

Kabla sijastaafu nilikuwa mkalimani mjini Arusha. Arusha, kama mjuavyo, ni mji wa mikutano: yako makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na wageni wa semina za kilimo, afya na biashara hawakatiki. Mkalimani hukaa ndani ya kibanda cha vioo nyuma ya ukumbi, vifaa vya kusikilizia masikioni, mwenzake kando yake, wakipokezana kila baada ya nusu saa hivi kwa sababu kazi ile huchosha kichwa kuliko mzigo unavyochosha shingo ya mpagazi. Ukiwa humo humwoni msemaji vizuri. Unamsikia tu, na unamsikia kuliko anavyojisikia mwenyewe.

Katika mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na imani kwamba uaminifu wa mkalimani ni kutafsiri kila kinachotoka kinywani mwa mtu. Siku moja mjumbe mmoja alikuwa akieleza habari za mbolea, naye alikuwa mtu wa "yaani". Kila aliposema "yaani", nami niliitafsiri. Alisema tena, nikatafsiri tena. Baada ya dakika kama kumi nilimwona mgeni mmoja akivua kifaa chake sikioni, akikikung'uta kiganjani na kukirudisha, akidhani kimeharibika. Mwenzangu akabonyeza kitufe cha kuzima maiki yetu, akaniinamia na kuniambia, "Ndugu yangu, acha kutafsiri mlio wa lori linalopanda mlima. Ngoja lifike."

Ngoja lifike! Sijapata kufundishwa jambo kubwa namna ile kwa maneno machache namna ile. Tangu siku hiyo niliisikia "yaani" kwa sikio jingine. Haikuwa na maana ya kutafsiriwa, lakini ilikuwa na habari: ilinieleza kwamba mtu huyu hajafika bado, anabadilisha gia, na kinachokuja baada yake ama ni neno zito ama si chochote.

Wataalamu nao wamelisikia lori hilo. Mwaka 2002 watafiti wawili wa saikolojia ya lugha, Herbert Clark na Jean Fox Tree, walichapisha uchunguzi wao wa mazungumzo ya Kiingereza, wakaonyesha kwamba sauti mbili za kusitasita za lugha hiyo hazitoki ovyo: moja hutangulia kituo kifupi na nyingine hutangulia kituo kirefu zaidi, kana kwamba msemaji anamwambia msikilizaji wake amsubiri kidogo au amsubiri sana. Miaka kumi na mmoja kabla yao, yaani mwaka 1991 (na hiyo "yaani" ni halali, msiihesabu), Stanley Schachter na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York walichapisha matokeo ya kazi ambayo ningeipenda sana: waliingia kwenye mihadhara na kuhesabu "eee" za wahadhiri. Wahadhiri wa sayansi asilia walikuwa nazo chache, wa sayansi za jamii walizidi, na wa fasihi na sanaa waliwapita wote. Je, wahadhiri wa fasihi hawajui kuzungumza? Hapana. Walipohojiwa wote juu ya mambo ya kawaida, tofauti ile ilitoweka. Maelezo ya watafiti hao yalikuwa kwamba mwalimu wa sayansi asilia ana njia chache za kulitaja jambo lake na mwalimu wa fasihi ana njia nyingi, na kila penye njia panda mtu husita.

Njia panda. Naomba mlishike neno hilo, kwa sababu nitalirudia mpaka mlichoke.

Sasa turudi nyumbani, maana Kiswahili kina njia panda zake ambazo vitabu vya wageni vya kufundisha hotuba havizitaji. Tazameni: maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na irabu huvutika. Mwingereza akifika mwisho wa neno mara nyingi hukuta mlango umefungwa na konsonanti, akalazimika kutengeneza sauti mpya ya kujishikizia. Sisi mlango tumeuacha wazi. Hatuhitaji hata hiyo "eee". Tunalivuta tu neno lililokwisha kutoka: "naaa", "kwambaaa", "wanachamaaa". Ndiyo maana watu wengi huniambia kwa kujiamini, "Mimi sina eee." Ni kweli, hawana. Wana "kwambaaa" arobaini.

Tazameni tena kitenzi chetu. Huanza na nafsi, kikafuata wakati, na kitendo chenyewe huja mwishoni. Kwa hiyo mwenyekiti anaweza kufungua mdomo na kusema "tume-" kabla hajaamua kama bodi imenunua, imekopa au imeahirisha, na hapo ndipo tunaposikia "tume, tume, tumefanikiwa". Ngeli nazo ni hivyo hivyo. Mtu husema "hii", akageuza "hili", akageuza "haya", na hatimaye ndipo matatizo yenyewe yanapotajwa. Ongezeni juu yake kwamba wengi wetu bajeti tumeifikiria kwa Kichaga, tumeiandika kwa Kiswahili, na mkaguzi akija anaiita kwa Kiingereza. Kuna haja ya kushangaa ulimi ukisimama kuuliza njia?

Kuna na zile "eee" zilizovaa suti. "Nichukue fursa hii adhimu." "Niseme tu kwamba." "Kipekee kabisa naomba nianze kwa kusema." Hizo nazo ni lori linalopanda mlima, ila limepakwa rangi. Sitazikalia, kwa kuwa itifaki ni desturi yetu na mimi mwenyewe nimewasalimu. Nasema tu kwamba msikilizaji huziacha zipite kama anavyoiacha "eee" ipite, akisubiri uanze.

Sasa nataka kuwapeleka kwenye mkutano mmoja, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo lilipo jambo lililonileta.

Miaka kadhaa iliyopita shemeji yangu alinialika kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama kimoja cha msingi, sitakitaja, huko juu kwenye migomba. Ukumbi ulikuwa ghala lenyewe la kahawa. Magunia yamesogezwa ukutani na wanachama wameketi kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani. Katibu alikuwa kijana mwenye sauti nzuri na shati lililopigwa pasi. Alisoma mapato kama maji yanayoshuka kwenye mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia: kilo zilizokusanywa, bei ya mnada, malipo ya awali, malipo ya pili. Akaingia kwenye matumizi: posho za vikao, mlinzi, umeme, karatasi na wino. Maji bado yanashuka. Kisha akafika mstari wa tisa.

"Matumizi mengineyooo," akasema, akameza mate. "Eee, haya ni, yaani, ni yale ya, ya, shilingi milioni moja laki nane na arobaini elfu." Akaharakisha kwenda mstari wa kumi.

Mzee mmoja mwenye koti jeusi, ambaye muda wote alikuwa ameegemeza kidevu kwenye fimbo yake kama aliyelala, akainua kichwa. Hakupaza sauti. "Rudi hapo hapo, katibu."

Katibu akarudi. Na aliporudi, mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu sasa alikuwa anatafuta neno huku watu mia moja wakimtazama akilitafuta. "Ni matumizi ya, tuseme, ya dharura, kiukweli ni yale mambo ya kawaidaaa." Ya kawaida au ya dharura? Mama mmoja akauliza swali hilo kwa sauti kutoka nyuma. Kufikia "yaani" ya tatu nusu ya ghala ilikuwa imesimama. Mkutano uliokuwa umalizike saa saba mchana ulimalizika jioni, kamati ya uchunguzi imeundwa, na kijana yule alirudi kwao akiwa ameitwa mwizi na watu waliohudhuria ubatizo wake.

Kamati ilifanya kazi yake wiki mbili. Unajua walikuta nini? Walikuta vocha zote. Kulikuwa na pampu ya mtambo wa kumenya kahawa iliyotengenezwa, trekta lililokodiwa kulivuta lori lililozama kwenye tope la masika, na rambirambi za wanachama waliofiwa. Hakukuwa na shilingi iliyopotea. Vocha zilikuwa kwa mhasibu, na katibu alikuwa ameichukua taarifa asubuhi ile ile, ikiwa imeshapigwa chapa, bila kuuliza neno "mengineyo" lina watoto gani ndani yake.

Sasa nawauliza, ndugu zangu: je, wanachama walisikia vibaya? Hapana. Walisikia sawasawa kabisa. Sikio lao liliwaambia kwamba mtu huyu, kwenye mstari huu, hajui asemalo, na hilo lilikuwa kweli. Kilichokosea ni hukumu, kwa sababu asiyejua na anayeficha hukwama kwa sauti moja. Hakuna sikio, hata la mkalimani, linaloweza kuzitenganisha.

Na je, kijana yule angesaidiwa na mazoezi ya ulimi? Angefundishwa kupumua, kusimama wima, kutazama watu machoni, bado mstari wa tisa ungemkwamisha pale pale. Kilichohitajika ni maswali matatu kwa mhasibu usiku uliotangulia. Njia panda haikuwa mdomoni. Ilikuwa ndani ya jalada.

Msidhani nawasema wengine tu. Baba yangu mdogo alipofariki, familia ilinipa kazi ya kutoa shukrani baada ya mazishi. Walisema, nani mwingine ila mkalimani? Nikasimama nikazungumza dakika sita, nikakaa nikijiona nimefanya vizuri. Jioni binti wa dada yangu, ambaye alinirekodi kwa simu, aliiweka rekodi ile kwenye kundi la familia la WhatsApp. Nikaisikiliza peke yangu nyuma ya nyumba. Nilisema "kiukweli" mara thelathini na moja. Nilirudia kuhesabu, nikitumaini nimekosea.

Lakini niliposikiliza mara ya tatu niliacha kuhesabu nikaanza kuangalia ziko wapi, na hapo ndipo nilipopata faida. Nilipokuwa nikieleza jinsi marehemu alivyonifundisha kupogoa mibuni, kisu kile kilichopinda, tawi gani liachwe na lipi likatwe, hakukuwa na "kiukweli" hata moja. Dakika mbili nzima, safi. Zote zilikuwa zimerundikana nilipofika kuwashukuru watu: kanisa, majirani, wakwe, waliotoka Dar es Salaam, waliochimba kaburi. Kwa nini? Kwa sababu sikuwa nimeamua nianze na nani, na niliogopa kumsahau mkwe. Kila kundi lilikuwa njia panda. Majina matano kwenye kipande cha karatasi yangenivusha.

Ndiyo maana sipendi sana habari ya kuhesabu peke yake. Kuna chama cha watu wanaojifunza kuhutubia, Toastmasters, kilichoanzishwa na Ralph Smedley mwaka 1924 huko Santa Ana, California, na katika vikao vyao mwanachama mmoja hupewa kazi ya kuhesabu "eee" za kila msemaji na kusoma hesabu mwishoni. Ni desturi nzuri kwa yule ambaye hajui kama anazo. Lakini nimeona mtu aliyehesabiwa kila wiki akawa anaisikiliza midomo yake badala ya kulifikiria jambo lake, na mtu anayesikiliza midomo yake hukwama mara mbili. Hesabu ikueleze kwamba una ugonjwa. Mahali zilipo ndipo pakueleze ugonjwa ni upi.

Kwa hiyo kazi ninayowapa ni hii. Siku mbili kabla ya mkutano mkuu, ingia chumbani, simu mezani, uisome taarifa yako kwa sauti kama vile watu wapo. Kisha isikilize ukiwa na penseli, na kila ulipovuta, uliporudia au uliposema "yaani" bila haja, weka alama kwenye karatasi mahali hapo hapo. Usijilaumu, weka alama tu. Ukimaliza utaona alama hazikutawanyika. Zimekusanyika sehemu tatu, nne. Nyingine zitakuwa mwanzoni mwa sentensi na pale unapotoka jambo moja kwenda jingine, kwa maana hapo ndipo kila mtu husita. Hizo ziandikie sentensi moja ya kuvukia, neno kwa neno, na uikariri. Zilizobaki zitakuwa kwenye mstari wako wa tisa. Hizo usizifanyie mazoezi. Hizo zipelekee kwa mhasibu.

Na pale ambapo umejiandaa na bado neno halijaja, fanya nini? Nyamaza. Maliza neno ulilonalo, likate kwenye irabu yake, funga midomo, vuta pumzi kwa pua. Najua mtaniambia "mmm" hutokea puani hata midomo ikiwa imefungwa. Haya, hiyo tutawasamehe. Kimya cha sekunde mbili humwonekea msemaji kama saa nzima, lakini aliyeketi kwenye benchi huona tu kwamba unafikiri.

Wazee wenzangu mnakumbuka Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Kagera. Tuliokuwa tumekaa karibu na redio tulimsikia Mwalimu Nyerere akisema kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Isikilizeni tena rekodi ile mkiipata, lakini safari hii msisikilize maneno. Sikilizeni kinachofuata baada ya "tunao", na baada ya "tunayo". Ni irabu zile zile ambazo mimi na wewe tungezivuta mpaka Himo. Yeye alizikata, akaacha kituo, watu wakakijaza wenyewe kwa sauti zao. Alijua kila neno linalofuata, na kwa hiyo kimya hakikumtisha.

Niseme pia upande wa pili, ili msitoke hapa mkaanza kuzungumza kama spika ya stendi. Si kila kusita ni kosa. Unapompelekea mtu habari za msiba, unapompinga mzee mbele za watu, unapomwambia mwanachama kwamba malipo yamechelewa, ile "eee" ya mwanzo ni adabu. Inamwambia mwenzako ajiandae, na akiikosa atakuona una moyo mkavu. Ziacheni hizo. Mimi nikiwa kibandani nilikuwa naziheshimu, na nikitafuta namna ya kuzivusha kwenda lugha ya pili.

Muda wangu unakwisha, na nisingependa tumalizie kwa maneno yangu. Hapa mezani nina makopo mawili ya maziwa na konzi moja ya buni. Mama katibu uliyeketi safu ya mbele, umekuja na taarifa yako ya mwaka, nimeiona kwenye mkoba tangu asubuhi. Naomba uje utusomee ukurasa wa matumizi. Mimi nitahamisha punje moja kila utakapokwama, na mwenzako mhasibu, aliye pembeni yako, atashika penseli na kuandika ni mstari gani. Ukiona neno halijaja, funga mdomo tu, utusubirishe. Hatuna haraka.

Karibu, mama. Ukurasa wa matumizi.